Kutoka kidoleni hadi spikani: namna MIDI inavyozifanya ala za kidijitali zitoe sauti

Siku nilipopata kinanda changu cha kwanza chenye tundu la MIDI, niliamini kwamba waya wake unapitisha muziki. Nikakata plagi ya upande mmoja, nikaunga plagi ya miksa, nikachomeka na kupandisha sauti. Kilichotoka kilikuwa "tk, tk, tk", mfululizo, hata nikiwa nimeketi mikono mapajani. Nikibonyeza noti, mlio unakwaruza kidogo kisha unarudi kwenye "tk, tk" yake. Nikatangaza kwamba kinanda ni kibovu. Kumbe kinanda kilikuwa kizima kabisa, na zile "tk, tk" zilikuwa na maana yake, tutazifikia. (Ufundi ule wa kukata plagi usiuige, unaweza kuunguza kifaa.)

Waya wa MIDI haubebi sauti. Unabeba maagizo tu: anza noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, sasa iache. Ni tarishi. Tarishi akifika mlangoni na kusema "ngoma zianze", ngoma hazimo mfukoni mwake, zimo ndani kwa yule anayepokea ujumbe. Ukilishika hilo barabara, karibu kila tatizo la MIDI utalijua limekaa wapi. Hapa tutaifuata noti moja tangu kidole kinapogusa kibonye hadi spika inapotikisika, na kila kituo utakikagua mwenyewe kwenye vifaa vyako.

Hatua ya 1: Jua nani anaagiza na nani anapiga

Kwenye mfumo wowote wa MIDI tafuta watu watatu. Wa kwanza ni mwagizaji: kinanda, pedi za ngoma, au programu inayocheza wimbo uliorekodiwa. Wa pili ni mpigaji, yaani injini ya sauti, iwe ndani ya kinanda chenyewe au ndani ya kompyuta. Wa tatu ni spika au hedifoni.

Kinanda cha kawaida chenye spika zake kina wote watatu ndani ya sanduku moja, ndiyo maana watu hawaoni kuwa kuna mazungumzo yoyote. Kinanda-kidhibiti, kile chepesi kisicho na spika, ni mwagizaji mtupu. Wengi hukinunua, hukiwasha, husikia kimya, halafu hukirudisha wakidai kimekufa. Hakijafa, kinangoja mpigaji.

Jaribu hivi kama una kinanda chenye sauti yake na umekiunganisha na kompyuta: shusha sauti ya kinanda hadi sifuri, kisha piga. Kinanda kiko kimya, lakini programu ya kompyuta inapokea kila noti kwa nguvu ileile. Swichi ya sauti inamhusu mpigaji wa ndani na spika zake. Tarishi haimhusu.

Lugha hii ya maagizo ilizaliwa kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na yake. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits alipendekeza lugha moja ya pamoja, akishirikiana na watengenezaji wengine, hasa Ikutaro Kakehashi wa Roland. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala za muziki ya NAMM nchini Marekani, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, mahasimu wawili wa biashara, na vikaelewana. Toleo la kwanza rasmi lilitoka mwaka huohuo, na kinanda cha wakati ule bado kinaongea na kompyuta ya leo bila mkalimani, ilimradi upate waya unaoingia.

Hatua ya 2: Unganisha

Kama kinanda chako kina tundu la USB, kazi ni nyepesi. Tafuta tundu la mraba mraba, mara nyingi limeandikwa "USB to Host", siyo lile bapa la kuchomeka flashi. Unganisha na kompyuta, washa kinanda, kisha ndipo ufungue programu. Mpangilio huo una sababu: programu nyingi huorodhesha vifaa pale zinapofunguka, na kifaa kilichokuja baadaye hakionekani.

Tundu la duara lenye matundu matano linahitaji umakini zaidi. OUT ya mwagizaji huenda IN ya mpigaji. OUT kwa OUT ni watu wawili wanaosema bila yeyote kusikiliza. Tundu la tatu, THRU, hurudia kilekile kilichoingia IN, ili uweze kuunga kifaa cha pili kwa kile cha kwanza. Kati ya pini tano, MIDI ya kawaida hutumia tatu: ya 4 na ya 5 kwa ujumbe, ya 2 kwa kinga ya waya. Upande wa kupokea, ujumbe huvuka kwa mwanga: taa ndogo inawaka na kuzima, na kihisi kinaisoma. Vifaa viwili kwa hiyo havigusani kiumeme, na ule mngurumo unaosumbua kwenye waya za sauti hauna njia ya kupita. Waya usizidi mita 15.

Waya za kugeuza tundu la duara kuwa USB zina mtego mmoja. Plagi zake mbili zimeandikwa IN na OUT, lakini watengenezaji hawakubaliani: kwa mmoja, "IN" maana yake ni "nichomeke kwenye IN ya kinanda", kwa mwingine maana yake ni "mimi ndiye IN". Usipopata kitu, zibadilishe nafasi. Hakuna kitakachoungua.

Huna kinanda kabisa? Programu ya bure iitwayo VMPK huchora kinanda kwenye skrini na kutuma jumbe halisi za MIDI. Inatosha kwa karibu hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 3: Mwone tarishi kwa macho

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Kabla ya kutafuta sauti, tazama jumbe. Kwenye Windows kuna MIDI-OX, kwenye Mac kuna MIDI Monitor, kwenye Linux andika aseqdump -l upate orodha ya vifaa, kisha aseqdump -p na namba ya kifaa chako.

Bonyeza C ya katikati, mara moja, kisha iache. Utaona mistari miwili inayofanana na hii:

144 60 87
128 60 64

Programu nyingine zitakuandikia 90 3C 57, ambazo ni namba zilezile zikiandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita badala ya kumi. Nyingine zitakutafsiria kabisa: "Note On, channel 1". Yote ni kitu kimoja. Tuzisome.

Namba ya kwanza ni agizo pamoja na chaneli, yaani jina la anayeagizwa (tutalifikia hatua ya 5). 144 ni "anza noti, chaneli ya 1". 145 ni agizo hilohilo kwa chaneli ya 2, na hivyo hadi 159, chaneli ya 16. 128 ni "acha noti, chaneli ya 1", ikienda hadi 143. Kwa mtindo huohuo 176 huanza maagizo ya vidhibiti kama pedali, 192 hubadili ala, na 224 hupinda sauti. Angalia kwamba maagizo yote yanaanzia 128 kwenda juu, na namba zinazoyafuata hazivuki 127. Hilo limepangwa. Kila namba husafiri kama baiti, yaani kifungu cha biti nane, kila biti ikiwa 0 au 1, na biti ya kwanza inasema "mimi ni agizo" au "mimi ni maelezo ya agizo". Mpokeaji akiunganishwa katikati ya wimbo, anangoja tu namba ya 128 au zaidi, na hapo anajua sentensi mpya imeanza. Ndiyo sababu karibu kila kitu kwenye MIDI kinaishia 127.

Namba ya pili ni noti. 60 ni C ya katikati, 61 ni nusu toni juu yake, yaani kibonye kinachofuata, na kuendelea. Piano kamili ya vibonye 88 inaanzia 21 na kuishia 108. Usibishane na mwenzako kama hiyo 60 inaitwa C3 au C4. Yamaha huiita C3, wengine wengi C4, na nimeshuhudia mazoezi ya saa nzima yakiharibika kwa sababu hiyo tu. Taja namba, mambo yaishe.

Tarishi amesema 60. Hajasema sauti hiyo itikisike mara ngapi kwa sekunde. Hilo analijua mpigaji. Yeye huanzia noti 69, ambayo ni A ya hezi 440, na kila nusu toni moja anazidisha au anagawanya kwa 1.0595 hivi. Nusu toni kumi na mbili zikifika, mtikisiko umekuwa mara mbili kamili: 57 ni hezi 220, 81 ni hezi 880. Kwa C ya katikati unashuka nusu toni tisa kutoka 440, unapata karibu hezi 261.6. Ukienda kwenye mipangilio ya kinanda na kusogeza A iwe 442, tarishi ataendelea kusema 60 na 69 vilevile. Mpigaji ndiye aliyebadili hesabu.

Namba ya tatu, ile 87, ndiyo inayoitwa velositi. Watu huiita nguvu, ila kinanda hakipimi nguvu. Chini ya kila kibonye kuna viguso viwili, kimoja hufungwa mapema kidogo kuliko kingine. Kinanda kinahesabu muda uliopita kati ya hivyo viwili. Muda mfupi maana yake kidole kilishuka kwa kasi, namba inakuwa kubwa. Muda mrefu, namba inakuwa ndogo. Jaribu mwenyewe huku ukiangalia skrini: shusha kibonye taratibu kabisa. Ukiweza kukishusha polepole mno, baadhi ya vinanda havitatuma chochote. Kisha bonyeza taratibu, halafu kandamiza kwa nguvu zako zote kibonye kikiwa tayari chini. Velositi haibadiliki, kwa sababu ilishapimwa na kutumwa. (Vinanda vyenye kihisi cha mgandamizo vitatuma ujumbe mwingine hapo, lakini huo ni ujumbe wa pembeni.)

Huenda kwenye skrini yako mstari wa kuacha noti usianze na 128. Unaweza kuona 144 60 0. Hiyo nayo ni "acha": noti iliyoanzishwa kwa kasi sifuri ni noti iliyozimwa. Vinanda vingi vimechagua njia hiyo kwa sababu agizo la 144 likirudiwa mfululizo si lazima kulitaja tena kila mara, na waya unapata nafasi.

Na nafasi ilikuwa haba kweli. Waya wa duara unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, kila baiti ikichukua biti kumi, yaani nane zake pamoja na moja ya kufungua na moja ya kufunga. Ujumbe wa baiti tatu unamaliza chini kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukipiga noti kumi kwa vidole vyote, hazisafiri pamoja, zinapanga foleni, na ya mwisho inafika karibu sehemu kumi za elfu ya sekunde baada ya ya kwanza. Sikio halioni. Lakini ukirundika chaneli kumi na sita za wimbo mzito kwenye waya mmoja, ngoma zinaanza kulegea. USB haina tatizo hilo.

Sasa "tk, tk" zangu. Baadhi ya vinanda hutuma namba 254 peke yake, mara kadhaa kila sekunde, kila baada ya muda usiozidi sehemu 300 za elfu ya sekunde. Maana yake ni "bado nipo". Mpokeaji aliyezoea kuisikia akiikosa, anajua waya umechomoka na anazima noti zote. Miksa yangu ilikuwa ikinisomea salamu hizo kwa uaminifu mkubwa.

Hatua ya 4: Mpe mpigaji kazi

Umeona jumbe zinafika. Sasa zinahitaji injini. Kwenye programu yoyote ya kurekodia mambo ni yaleyale: chagua kinanda chako kama chanzo cha MIDI, fungua traki mpya ya ala (mstari wa kurekodia), weka ala juu yake, kisha washa kitufe cha kurekodi au cha kusikiliza kwenye traki hiyo. Kitufe hicho husahauliwa kuliko vyote. Ukitaka kitu cha bure na chepesi, FluidSynth hupokea MIDI na kutoa sauti kutoka kwenye faili za sauti zenye kiambishi sf2.

Ndani ya injini kuna njia kadhaa za kuitikia "60, 87".

Iliyoenea zaidi ni sampuli. Mtu alikaa mbele ya piano halisi na maikrofoni, akarekodi noti moja moja, mara nyingi kwa nguvu tofauti. Velositi 87 inachagua rekodi ya pigo la wastani, 120 inachagua rekodi ya pigo zito. Kurekodi noti zote ni kazi kubwa na faili linakuwa zito, kwa hiyo ala nyepesi hurekodi chache na kuzinyoosha: kupata nusu toni juu, rekodi inachezwa haraka zaidi kwa ile 1.0595. Ukivuta mbali mno, piano inaanza kusikika kama mtu aliyebanwa pua. Unaweza kusikia mpaka huo: panda noti moja moja polepole kwenye ala ya bure, kuna mahali sauti itabadilika ghafla tabia. Hapo rekodi moja imeishia na nyingine imeanza.

Njia ya pili haina rekodi yoyote. Wimbi linatengenezwa kwa hesabu, kichujio kinakata sehemu kali, na umbo la sauti linachongwa: ipande kwa kasi gani, ishuke hadi wapi, ikae pale kibonye kikiwa bado chini, na ikiachwa ififie vipi. Njia ya tatu, ya wimbi moja kutikisa jingine, iligunduliwa kwa matumizi ya muziki na John Chowning huko Stanford, na Yamaha wakaifanya maarufu kwa DX7 ya mwaka 1983, kinanda kilichokuja na MIDI tangu mwanzo.

Kwa njia yoyote, zingatia jambo moja: ujumbe wa "acha" haukati sauti. Unaiambia injini ianze kuififisha. Ogani inanyamaza papo hapo, nyuzi zinaweza kuburuta sekunde tatu. Kila noti inayofifia bado inahesabiwa miongoni mwa sauti ambazo injini inaweza kuzishika kwa wakati mmoja. Kinanda chenye uwezo wa sauti 32, ukikanyaga pedali na kupiga mfululizo, kitaanza kuziua noti za zamani kimyakimya. Sauti inakonda katikati ya wimbo na hujui kwa nini.

Mwisho injini inatoa mfuatano wa namba, kwa kawaida 44,100 au 48,000 kila sekunde kwa kila upande, na chipu ya kugeuza namba kuwa umeme inazipeleka kwenye spika. Hapo tu ndipo sauti imezaliwa.

Hatua ya 5: Panga chaneli na ala

Chaneli 16 ni kama majina ya watu chumbani. Tarishi anaita "chaneli ya 3", na aliyepewa jina hilo peke yake ndiye anayeitika. Ukitaka mkono wa kushoto upige besi na wa kulia piano, gawa kinanda sehemu mbili, kila moja ipewe chaneli yake. Programu nyingi zimewekwa zisikilize chaneli zote, hivyo unaweza kuishi miaka bila kugusa hili, hadi siku unapoweka ala ya pili na zote zinapiga pamoja.

Kuchagua ala ni ujumbe wa 192 na namba moja. Mwaka 1991 orodha ya pamoja ya ala 128 ilikubaliwa, ikaitwa General MIDI: ya 1 ni piano, 25 gita la nyuzi za nailoni, 41 fidla, 57 tarumbeta, 66 saksafoni ya alto, 109 kalimba. Kwenye waya hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo kalimba husafiri kama 108. Ukiomba ala na ikaja ya jirani yake, sababu ni hiyo.

Chaneli ya 10 ni ya ngoma. Huko noti hazina maana ya juu na chini: 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni sneya, 42 ni matoazi yaliyofungwa, 46 yaliyo wazi. Ukisikia sauti yako tamu ya piano inageuka kuwa vishindo na vigongo, usiite fundi. Umeingia chaneli ya 10.

Hatua ya 6: Pedali na kupinda

Kanyaga pedali huku skrini ya jumbe ikiwa wazi: 176 64 127. Iachie: 176 64 0. Namba 64 ya katikati ni jina la pedali. Sauti ya jumla ni 7, kushoto na kulia ni 10, kile kigurudumu cha kutetemesha ni 1.

Pedali ikifanya kazi kinyume, yaani noti zinavuta ukiiachia na zinakatika ukiikanyaga, zima kinanda, ondoa mguu, hakikisha plagi imeingia, kisha washa. Vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka na kuichukua kuwa ndiyo "imeachiwa".

Kigurudumu cha kupinda sauti ni tofauti na wenzake. Ngazi 128 zingesikika kama ngazi kweli, hivyo kinatumia namba mbili pamoja na kupata ngazi 16,384, katikati ikiwa 8192. Lakini kupinda hadi wapi? Tarishi hasemi. Kawaida ni nusu toni mbili kila upande, na kama injini yako imewekewa kumi na mbili, ule upindo mdogo wa gita utageuka king'ora.

Hatua ya 7: Punguza ucheleweshaji

Unabonyeza, sauti inakuja baadaye. Karibu kila mtu anaulaumu waya wa MIDI, na karibu kila mara waya hauna hatia. Tumeshahesabu: noti inapita kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mchelewaji ni bafa, yaani fungu la namba ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulipeleka kwenye spika. Bafa ya namba 1024, zikipita 44,100 kwa sekunde, ni sehemu 23 za elfu ya sekunde, tena hiyo ni ya fungu moja tu. Bafa ya 128 ni chini ya sehemu 3 za elfu.

Fungua mipangilio ya sauti, shusha bafa hadi 256, piga. Sauti ikiwa safi, shuka hadi 128. Ikianza kukatika na kuchanika, kompyuta imezidiwa, panda ngazi moja. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, programu inayofupisha njia ya sauti hadi kwenye kadi. Kadi nzuri za sauti huja na yake, na kwa kadi ya ndani watu hutumia ASIO4ALL. Ile injini iliyomo ndani ya Windows yenyewe, Microsoft GS Wavetable Synth, iache. Inafaa kusikilizia faili, haifai kupigia. Na hedifoni za Bluetooth zivue kabisa, maana huongeza kuchelewa ambako hakuna bafa itakayokuponya.

Usitafute sifuri. Sauti hewani huenda karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mpiga kinanda aliyesimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yake anaishi na ucheleweshaji wa sehemu 10 za elfu ya sekunde kila siku na halalamiki.

Hatua ya 8: Mambo yakienda mrama

Noti inalia bila kukoma. Ujumbe wa kuacha haukufika: waya ulitikisika, au ulibadili chaneli au oktavu kidole kikiwa bado chini, ukaanza noti huku na kuizima kule. Injini haina njia ya kujua. Itashika noti hiyo hadi umeme ukatike. Iliwahi kunitokea katikati ya kurekodi, ogani, noti moja ya besi, nami nikawa nabonyeza kila kibonye kinanda kizima nikiitafuta. Programu nyingi zina kitufe kiitwacho Panic. Hutuma 123, "zima noti zote", kwa chaneli zote 16. Kama pedali nayo imekwama, ikanyage na kuiachia mara moja.

Kila noti inalia mara mbili, sauti inakuwa kama imetoka ndani ya bomba. Kinanda kinapiga chenyewe, tena kinapigishwa na kompyuta inayokirudishia jumbe zake. Tafuta mpangilio wa Local Control kwenye kinanda, uuzime. Sasa vibonye vimetenganishwa na injini ya ndani, na njia imebaki moja. Siku utakayokwenda kupiga bila kompyuta, ukumbuke kuuwasha, la sivyo utakuwa na kinanda bubu mbele za watu.

Kimya kabisa. Rudi hatua ya 3. Jumbe hazionekani? Tatizo ni waya, tundu, au programu nyingine iliyokishika kifaa. Kwenye matoleo mengi ya Windows programu moja huweza kuzuia nyingine. Jumbe zinaonekana? Basi achana na waya. Angalia chaneli, angalia kama kuna ala kwenye traki, angalia kama kidhibiti namba 7 kiko sifuri, mwisho angalia sauti ya kompyuta inatokea wapi.

Kila unachopiga kinasikika kwa nguvu moja. Tazama namba ya tatu. Ikiwa kila mara ni 100 au 127, kinanda chako hakipimi kasi au kimewekwa hivyo. Tafuta mpangilio wa mguso. Ikiwa inabadilika, kosa liko kwa ala uliyochagua.

Hatua ya 9: Rekodi, kisha tuma kitu sahihi

Faili la MIDI, lile linaloishia na mid, ni jumbe zilezile zikiwa zimewekewa muda kati ya moja na nyingine. Muda huo haupimwi kwa sekunde, bali kwa vipande vya pigo, mara nyingi 480 kwa pigo moja. Ndiyo maana unaweza kupunguza kasi ya wimbo bila sauti kuwa nzito: unabadili urefu wa pigo, hunyooshi sauti yoyote, kwa kuwa hakuna sauti ya kunyoosha. Ndiyo maana pia faili ni dogo. Wimbo wa dakika nne ukiwa sauti kamili ya WAV, pande mbili, biti 16, ni karibu megabaiti 42. Maagizo yake kwa MIDI ni makumi ya kilobaiti.

Udogo huo una bei. Niliwahi kumtumia rafiki wimbo niliousumbukia wiki mbili, nyuzi za nguvu, saksafoni ya kubembeleza. Akanijibu: "Ndugu yangu, umepiga vizuri, lakini mbona vyote ni piano?" Nilimtumia mid. Maagizo yalifika yote bila kupungua, ila ala zangu zilibaki kwangu, na kompyuta yake ikamkabidhi kila mtu piano.

MIDI 2.0, iliyopitishwa rasmi mwaka 2020, inaongeza ngazi za velositi kutoka 128 hadi 65,536 na kuviruhusu vifaa viulizane uwezo, lakini nayo haibebi sauti.

Basi mpe mid yule anayetaka kubadili noti au kuandika muziki wako kwenye karatasi. Anayetaka kusikiliza, mpe WAV. Kwenye programu yako tafuta amri ya Export au Render, chagua wimbo mzima, na mwisho wa uteuzi usiuweke pale noti ya mwisho inapoishia. Ongeza sekunde nne au tano mbele, kwa sababu pale kwenye skrini noti ndipo ilipoachwa tu. Nyuzi bado zinafifia, na ukikata hapo msikilizaji atasikia wimbo ukifungiwa mlango.